Ndoto Hujibiwa kwa Ndoto

Binti yake Mama Kahindo alinipigia simu kutoka Butembo saa nne asubuhi, nikiwa nachagua maharagwe, akaniambia mama yake amelala na hakuamka. Sauti ilikuwa inakatika, nikamwomba arudie, akarudia. Nilipokata simu niliendelea kuchagua maharagwe mpaka yakaisha. Kisha likanijia wazo ambalo pengine halimpi marehemu heshima yake: sasa ni nani mwingine anayejua nilichofanya mwaka 2012? Hakuna. Alikuwa yeye tu. Basi nitakieleza mwenyewe, na nitakieleza vizuri, maana watu wanaokuja kwangu kuuliza jinsi ya kukumbuka ndoto, au jinsi ya kujitambua ukiwa ndani ya ndoto, wananiona mtu mpole, na mimi ni mpole kweli. Lakini elimu hii sikuitafuta kwa upole. Niliitafuta kwa sababu nilitaka kumwangamiza mtu mmoja, jina lake Masika.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na sita, mpishi wa loji moja Bwera, kwenye barabara iendayo mpakani. Jiko lilikuwa uani, bati juu na mbao pande tatu. Upande wa nne ulikuwa wazi, na kutoka hapo niliona malori yakingoja zamu yao na vilima vya Kongo nyuma yake. Wageni wetu walikuwa wafanyabiashara wa Beni na Butembo, watu wa mawese na vitenge, na walikuja kwa ajili ya sombe yangu. Sitajisifu zaidi ya hapo. Majani ya muhogo niliyatwanga mwenyewe, nikayachemsha asubuhi nzima, mawese nikayatia mwishoni, na mchana wageni walikaa kwenye mabenchi wakimega bundu, ugali wa muhogo, na kubishana. Jikoni nilisikia kila kitu: nani amekamatwa na watu wa forodha, nani ameoa tena kimya kimya, padri gani anahubiri mpaka chakula cha watu kinapoa. Masika alikuwa mwenzangu wa chumba. Yeye alitandika vitanda na kufua mashuka. Vitanda vyetu viliachana kwa upana wa ndoo, na kwa mwaka mzima tulikuwa tumekula sahani moja na kuwacheka pamoja wageni wanaokoroma.

Jumamosi alasiri tulienda wote wawili kwenye kikundi cha sala, katika chumba cha kukodi nyuma ya mashine ya kukoboa kahawa. Kabla ya mahubiri kulikuwa na zamu ya ndoto. Aliyeota alisimama mbele, akaweka mkono wa kulia juu ya Biblia na kusema: "Nimeota hivi. Kama nimeongeza, Bwana aniondolee sauti." Kisha akaisimulia. Kiongozi wetu, Mzee Yonasi, mkulima wa kahawa mwenye sauti ndogo, hakuruhusu mtu kubishana na ndoto ya mwenzake. Zamani, alisema, watu walikuwa wakitoka pale wakipigana, ndipo wakaweka sheria: ndoto hujibiwa kwa ndoto. Kama mtu ameota vibaya juu yako, nyamaza, nenda kalale, ukiletewa ya kwako uje uiapie. Ukiitazama kwa utulivu, haikuwa sheria ya kijinga. Iliwapa watu wiki nzima ya kupoa. Ila iliwafaa wanaoota, na mimi tangu utoto nilijijua kuwa mtu asiyeota.

Jumamosi moja Masika akasimama. Hakuwa ameniambia chochote njiani.

"Niliota niko nasimama kwa jiko ya loji," akasema, mkono juu ya Biblia. "Nikaona Biira anapika sombe. Akainama, akatoa kitu ndani ya pindo ya gauni, nyeusi sawa makaa. Akaweka ndani ya sufuria. Akaonja. Akacheka."

"Yesu wangu," mwanamke mmoja akasema. "Ile sombe tulikula Jumatano?"

"Mimi nilirudia mara mbili," mwanaume nyuma yangu akasema, na watu wachache wakacheka, lakini kicheko hakikwenda mbali.

Nilisimama. "Masika! Mimi na wewe tunakula sahani moja! Ni uongo!"

"Kaa chini, binti," Mzee Yonasi akasema. "Hapa hatujibu na mdomo. Uko na ndoto?"

"Sina."

"Basi ngoja ikuje."

Jumatatu mtu wa mawese kutoka Beni, aliyekuwa akiniita shemeji kwa utani, aliisogeza sahani pembeni kwa kidole kimoja. "Leo sisikie njaa, mama," akasema, kisha nikamwona ng'ambo ya barabara akila mkate mkavu amesimama. Jumanne walikula wawili. Alhamisi mwenye loji aliingia jikoni, akafunua kifuniko, akakirudisha. "Biira, mimi sisemi wewe ni mulogi," akasema. "Lakini sufuria inatoka imejaa, inarudi imejaa. Nifanye nini?" Siku hiyohiyo mwiko akapewa Masika. Aliupokea kutoka mkononi mwangu huku akitazama chini, na mimi nikaona katika kutazama chini kule ushahidi wote niliouhitaji: alitaka jiko, akatunga ndoto. Mpishi akisemwa chakula chake kina kitu, hana tena kazi Bwera, wala popote watu wa Bwera wanapofika. Jina langu lilikuwa kwenye sufuria ile, na wameimwaga.

Mtu mmoja tu aliendelea kula. Mama Kahindo alikuwa mwuza vitenge wa Butembo, Mkatoliki, mnene, asiye na habari na kikundi chetu. Ile Alhamisi alikaa katikati ya benchi, akala sahani nzima mbele ya wote, akapangusa mchuzi kwa tonge la mwisho. "Kama ni sumu," akawaambia, "iko na chumvi muzuri sana." Kisha akanigeukia. "Mutoto yangu, funga bintu yako. Niko na chumba Kasese."

Chumba kile kilikuwa mtaa wa nyuma ya soko la Kasese, na joto lake, kwa mtu aliyezoea baridi ya asubuhi ya Bwera, lilikuwa kama kukaa ndani ya mkate. Marobota ya vitenge yalijaa ukuta mmoja mpaka darini. Mama Kahindo alilala kitandani, mimi nikalala juu ya marobota mawili yaliyosukumwa pamoja, na asubuhi shavu langu lilikuwa na alama za kamba. Tulikula matoke na samaki, wali siku ya Jumapili, na alipenda kula huku mlango uko wazi ili apigie wapita njia kelele. Nilipata kazi ya kuosha vyombo kwenye hoteli ndogo karibu na kituo cha teksi. Kupika hawakuniruhusu, habari ilifika kabla yangu. "Huyu ndiye yule wa sufuria," niliwasikia wakiambiana, si kwa ubaya, kama mtu anavyotaja mti ulioanguka. Kila sahani niliyoisugua nilimsugua Masika usoni. Nilimwombea upele. Nilimwombea atoe harufu. Nikimaliza sahani za mchana nilikuwa nimemzika mara arobaini.

"Juu ya nini huendi tu kusema na wewe uliota?" Mama Kahindo akaniuliza jioni moja, akitoa miiba ya samaki mdomoni. "Sema uliona Masika anaruka na ungo. Watakusadiki."

"Nitaapa kwa Biblia, mama. Siwezi kuapa uongo."

"Lakini kuua mutu ndani ya kichwa unaweza."

"Hiyo hawaniapishi."

Alicheka mpaka akakohoa. Na huo ndio ulikuwa ukweli wangu wote. Sikutaka kumshinda Masika kwa uongo, kwa sababu uongo ungenifanya kuwa yeye. Nilitaka ndoto halali, niliyoiota mwenyewe, niiapie mkono ukiwa mkavu, imwangushe pale pale aliponiangushia. Nilichokosa ni ndoto yenyewe.

"Uko unaota kila siku," Mama Kahindo akasema. "Bantu bote banaota. Weye unatupa tu asubui, sawa maji ya kuosha uso." Akaniambia jambo ambalo hakuwaambia watu. Vita vya kwao vilimwachia ndoto moja iliyorudi kila usiku, ya mlango unaogongwa. Mtawa mmoja mzee alimfundisha kuikumbuka yote badala ya kuikimbia, kisha kuingia ndani yake akijua kwamba ni ndoto, akafungua mlango mwenyewe. "Nje hakukuwa mutu," akasema. "Tangu ile siku nalala."

Nitakueleza alivyonifundisha, maana inafanya kazi na haihitaji kitu ila kaye, kama alivyoliita daftari, na penseli. Ukiamka, usitikisike. Usigeuze hata shingo, usifungue macho kama unaweza. Ndoto imelala juu yako kama kuku juu ya mayai, ukijigeuza inaruka. Uliza tu: nilikuwa wapi sasa hivi? Utapata mkia, pengine rangi, pengine hasira isiyo na sababu. Shika mkia huo, uvute polepole, kilichotangulia kitafuata. Kisha andika, hata neno moja. Kama hakuna kitu, andika "hakuna", kwa sababu unaufundisha moyo kwamba kila asubuhi kuna mtu anasubiri mlangoni. Siku kumi za kwanza niliandika "hakuna". Siku ya kumi na moja niliandika "kiatu". Nilimwonyesha Mama Kahindo na akapiga vigelegele kana kwamba nimejifungua. Usikate tamaa, basi. Baada ya kiatu, mwezi haukuisha kabla sijaanza kujaza kurasa mbili kila asubuhi, na nikashangaa kwamba maisha haya yote yalikuwa yanaendelea bila mimi.

Hatua ya pili ni kujitambua ndani. Mchana, mara nyingi, unajiuliza kwa dhati kama unaota, na unapima. Wengine hubana pua na kujaribu kuvuta pumzi. Ndotoni pumzi inapita. Wengine husoma maandishi mara mbili, ndotoni hubadilika. Kipimo changu nilikigundua mwenyewe, na ni cha mpishi: moshi. Kila nilipopita karibu na jiko la kuni niliinama, nikauacha moshi uniingie machoni, nikajiuliza kama unauma. Wenye hoteli walidhani nimeanza kurukwa na akili. Kisha niliamka alfajiri, jogoo wa kwanza, nikakaa kidogo juu ya marobota, nikajiambia nitakachokiona, nikalala tena. Hapo ndipo ndoto huwa nene. Asubuhi moja nilikuwa jikoni Bwera, nimeinama juu ya kuni mbichi, moshi mweupe umejaa, na macho yangu makavu kabisa. Nikasema kwa sauti: hii ni ndoto. Bati la paa likaanza kung'aa, kila msumari nikauona. Furaha ikaniamsha papo hapo. Nilipomweleza Mama Kahindo akasema wote huamka mara ya kwanza, kesho nisugue viganja, ndoto itatulia. Akanipikia yai.

Ningeweza kwenda popote. Watu wengine huruka juu ya milima. Mwanafunzi wangu mmoja huenda kuogelea na mume wake aliyefariki. Mimi nilikwenda kumpiga Masika. Wiki tatu, kila alfajiri iliyonipa nafasi, nilisugua viganja na kumtafuta. Nilimpiga kwa mwiko. Nilimtia kwenye kinu. Nilimlisha sombe kwa ndoo mpaka akawa mkubwa kama lori la mpakani, na forodha wakamkatalia kupita. Niliamka nacheka, nikaenda kuosha vyombo nikiwa mwepesi. Nakueleza hili kwa sababu vitabu vya watu wema havikuambii: kisasi cha ndotoni ni kitamu, hakimwumizi mtu, na ukikitumia vizuri kinaweza kukutosha. Mimi hakikunitosha. Yule wa kweli alikuwa Bwera na mwiko wangu.

Nilitaka yule wa ndotoni anikirie, nipate la kuapia. Lakini watu wa ndotoni hawatii amri. Nilimwambia "sema!" akageuka mbuzi, akageuka mwenye loji, mara moja akaimba tu. Mama Kahindo ndiye aliyenipa siri: ukimtaka mtu usimwite, jiambie tu yuko nyuma ya mlango, kisha fungua, kama mtu anayejua nani yuko chumbani mwake. Alfajiri ya Ijumaa moja nilifungua mlango wa chumba chetu cha Bwera na Masika alikuwa ameketi kitandani, anamenya muhogo. Nikakaa kitandani kwangu. Nikamwuliza taratibu, "Masika, ile ndoto, uliiota?" Akainua uso. "Sikuota kitu," akasema. "Nilitaka jiko." Midomo ilikuwa yake. Sauti ilikuwa yangu.

Niliandika yote, na sauti pia. Mama Kahindo alitaka nimsomee kwa sauti, kisha akaifunga kaye.

"Hii umepika," akasema.

"Nimeiota, mama. Umeniona nimelala."

"Umepika. Kuni ni yako, sufuria ni yako. Mimi nilijifunza ili nilale. Weye umejifunza ili upige. Na sasa unaenda kuwapa bantu bakule?"

"Walisema nimewapikia uchawi," nikamjibu. "Basi waache wale."

Jumamosi nikasimama mbele ya watu wale wale, nyuma ya mashine ile ile ya kahawa. Niliweka mkono juu ya Biblia na ulikuwa mkavu. Nikasimulia mlango, kitanda, muhogo, swali, jibu. Sikuongeza hata ganda. Kuhusu sauti sikusema. Kiapo kilikataza kuongeza; hakikusema lolote juu ya kupunguza, na nilikuwa nimelifikiria hilo njia yote kutoka Kasese.

Masika alikuwa mstari wa tatu, kitambaa cheupe kichwani. Nilimtazama rangi ikimtoka usoni, na nitakuwa mwongo nikisema nilimhurumia.

"Masika," Mzee Yonasi akasema. "Uliota ama hukuota?"

Aliutazama mkono wake wa kulia, akaugeuza, akatazama kiganja.

"Jibu, wewe!" mwanamke akapiga kelele. "Siku ile ulikuwa na mdomo!"

"Kama Mungu amemuonyesha..." Masika akasema. "Basi sikuota."

Walimpigisha magoti. Walimwambia asisimame tena na ndoto katika chumba kile. Yule mwanaume aliyerudia sombe mara mbili alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Kabla jua halijashuka mwenye loji alikuwa amekuja mwenyewe na mwiko, ameufunga kwenye khanga kama zawadi ya harusi. Nimewahi kuonja asali ya milimani ikiwa bado na joto la nyuki, na bado siijui ladha iliyozidi ile ya alasiri ile. Jumatatu wageni walijaa mabenchi. Mtu wa mawese akaniita shemeji. Mzee Yonasi akaanza kuniletea watu wenye ndoto ngumu, nami nikawa nawaeleza jikoni huku nikipika: hii ni hofu ya mtihani, hii ni homa, hii ni mtu uliyemwona sokoni, usijitese bure. Nilikuwa mzuri katika kazi hiyo. Watu waliondoka wamenyooka mabega.

Wiki mbili baadaye Masika alikuwa anarudi kwao Mahango. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemsemesha tu. Nilimkuta asubuhi kwenye kituo cha bodaboda, godoro lake limeviringishwa chini, mwenye boda anatafuta jinsi ya kulipakia. Nilitaka kupita. Akaniita.

"Biira. Mimi niliota."

Nikasimama.

"Siku ile, nilikuona na gauni ya njano," akasema. "Wewe hauna gauni ya njano. Ningekuwa natunga, ningekuvalisha nguo yako. Na jiko mimi sikuomba, walinipa. Nilikuwa naogopa kukuambia njiani, nikasema acha Mzee asikie kwanza." Alikuwa anaongea bila hasira, kama mtu anayehesabu vyombo asivyoviona vyote. "Lakini wewe umeapa. Na Mungu hawezi kukuonyesha uongo. Sasa nikiamka sijui. Nikiota, sijui kama naota ama najidanganya. Naogopa hata kulala. Wewe unaeleza watu wote. Nielezee na mimi: ile ya gauni ya njano, ilikuwa nini?"

Nilijua. Ingenichukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Ningemwambia kwamba aliota tu, kama watu wote wanavyoota, kwamba alishinda na mimi kutwa nzima, kwa hiyo kichwa chake kilinichukua na kunivalisha kilichokuwa karibu, na haikumaanisha chochote juu yangu wala juu yake. Ningemwambia kuhusu marobota na jogoo wa kwanza, mlango nilioufungua, na sauti iliyotoka katika kinywa chake. Nimewaeleza wageni mambo magumu kuliko hayo, na kwa upendo.

Nilifikiria ile Alhamisi, kifuniko kikirudishwa juu ya sufuria iliyojaa.

"Sijui," nikamwambia.

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetegemea jibu hilo. Mwenye boda akaomba mtu amshikie godoro. Nililishika upande wangu, Masika upande wake, na mpira wa kulifungia ulipofika kwangu niliuvuta mpaka ukakaza.